MGENI KAZINI SI ADUI YETU

Ndugu Wanachama,

Viwandani na mashambani husikika maneno haya: "Wageni ndio wanaotushushia mishahara." Tuyapime maneno hayo kwa historia ya wafanyakazi wa nchi hii.

Kati ya mwaka 1896 na 1901 watu kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli. Karibu 2,500 walikufa. Wengi walirudi kwao, na kama 6,700 walibaki. Serikali ya kikoloni ikapanga mishahara kwa rangi: Mzungu wake, Mhindi wake, na wa Mwafrika mdogo kuliko yote. Mpango huo uliwafaa matajiri, kwani wafanyakazi waliogawanyika hawadai kwa sauti moja.

Aliyepambana na mpango huo alikuwa mgeni pia. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, nacho kikafungua mlango kwa rangi zote. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda East African Trade Union Congress. Mwaka 1950 alidai uhuru hadharani. Akakamatwa mwezi wa Mei, akazuiliwa mpaka Oktoba 1961.

Sasa watazameni Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji zamani za ukoloni, wakakata mkonge Kwale na Taita Taveta. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hawakuhesabiwa kuwa raia, na wajukuu waliozaliwa hapa walikaa bila kipande. Asiye na kipande hapati kazi ya kuandikwa wala hafungui hesabu benki. Hushika kibarua chochote kwa ujira wowote, na akinung'unika huogopa polisi. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Ndipo wakakubaliwa, baada ya miaka 53.

Ndugu, basi ni nini kinachoshusha mshahara? Si mgeni, ni unyonge aliowekwa. Mwajiri hununua jasho lake kwa bei rahisi, kisha humgeukia mwenyeji na kumwambia, "Ukikataa wewe, yuko atakayekubali."

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Haikusema kila raia. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya taifa lake.

Kwa hiyo, viongozi wa matawi, mgeni akifika kazini mwendeeni mapema, kabla tajiri hajamtia hofu. Mwulizeni analipwa nini. Mwandikisheni katika Chama. Akipunjwa, shauri lake lileteni ofisini kama lenu wenyewe, maana kesho litakuwa lenu.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutapona tukiwa chama kimoja.

UMOJA NI NGUVU.