NCHI NA WATU: Marsabit, Mlima wa Ukungu

Mtu atokaye Garissa, penye Mto Tana, akashika njia ya Wajir, huona nchi tambarare kutwa nzima: mchanga na vichaka vya miiba, wala hapana kilima cha kupumzisha macho. Garissa yenyewe haifikii mita 200 juu ya bahari. Lakini magharibi ya nchi hiyo kavu umesimama Mlima Marsabit, wenye kimo cha mita 1,707, nao umevikwa msitu.

Mlima huu ulikuwa wa moto, ukazimika zamani. Mashimo yake makubwa Waborana huyaita gof. Chini yake, kaskazini-magharibi, ni jangwa la Chalbi. Kusini ni jangwa la Kaisut. Je, msitu huo waishije? Pepo zitokazo baharini hupanda mlimani, zikapoa usiku na kuwa ukungu. Miti huunasa ukungu huo, na matone yake hudondoka ardhini hata siku isiyo ya mvua. Jua likipanda, ukungu hutoweka.

Mlimani hapana mto wa kudumu. Maji hupatikana katika chemchemi na visima. Visimani Waborana husimama wakifuatana, mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana ndoo huku wakiimba, hata ng'ombe wakatosheka.

Zamani za ukoloni, Marsabit, Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa pamoja katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mgeni hakuingia huko bila kibali. Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walikaa kando ya ziwa la Gof Sokorte Guda katika miaka ya 1920, wakipiga picha za wanyama, na ziwa hilo wakalieneza kwa jina la Paradise. Baadaye mlima ulipata sifa kwa ajili ya ndovu aliyeitwa Ahmed. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe, naye akafa mwaka 1974 kwa uzee, si kwa risasi. Sanamu yake imo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Siku hizi barabara ya lami yafika Marsabit kutoka Isiolo. Atakaye kutembea msituni yampasa kufuatana na askari wa wanyama, kwa kuwa njia nyingi ni za ndovu na nyati. Aondoke mapema, avae nguo nzito, wala asifanye haraka: mwenda pole hajikwai. Akifika ukingoni mwa shimo atayaona maji chini yake, na ng'ambo ya miti, jangwa.

Hata hivyo, miaka ya ukame ziwa hilo limepata kukauka kabisa, na shoka nalo halijapumzika, maana mji wahitaji kuni. Akatwapo mti mmoja, hupotea kivuli na pia maji ambayo mti huo ungaliyanasa usiku. Wafugaji wa majangwani hukimbilia mlimani kiangazi kikizidi.