Mswaki Si Kiboko

Wapo wazazi na walezi wanaoamini kwamba mtoto anayelia, anayefumba mdomo na kuukimbia mswaki kila asubuhi ni mtundu, na dawa yake ni kumshika mikono na kumsugua kwa nguvu. Wakiulizwa, hujitetea kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Napinga kitendo hicho, na napinga pia kuitumia methali hiyo kukihalalisha. Samaki mbichi hukunjika kwa sababu yeye ni laini, si kwa sababu mkunjaji ana misuli.

Kuna watoto ambao hisi zao hupokea mambo kwa ukali kuliko zetu. Baadhi yao wana usonji, wengine hawana. Kwa mtoto wa namna hiyo, nyuzi za mswaki huchoma kama miiba, dawa yenye mnanaa humwasha ulimi, na povu humtia kichefuchefu. Halii kwa jeuri. Analia kwa sababu anaumia.

Mtu atauliza: je, tuyaache meno yaoze? Hasha! Jino bovu huuma, humnyima mtoto chakula na usingizi. Lakini mtoto aliyeshurutishwa leo, kesho atafumba mdomo akiuona mswaki kwa mbali. Hivyo nguvu hushindwa hata katika lengo lake yenyewe.

Njia ipo. Chagua mswaki mdogo wenye nyuzi laini. Anza kwa maji matupu, kisha tia dawa isiyo na ladha kali lakini yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha punje ya njegere kwa mwenye miaka 3 hadi 6. Mwache aushike mswaki mwenyewe. Siku za kwanza gusa midomo tu, baadaye meno ya mbele, mwisho magego. Hesabuni pamoja hadi 10, na ikifika 10 acha kweli, ili ajifunze kuliamini neno lako.

Suala hili si la nyumbani pekee. Hapa Uganda, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi. Sheria hizo hazina maana iwapo mtoto bwenini anaitwa mchafu na kuchapwa kwa jambo ambalo mwili wake haujaliweza.

Basi, wanafunzi wangu, mwenzenu akichekwa penye bomba la maji asubuhi, msicheke naye anayecheka. Mwulizeni mwenzenu ni kitu gani kinachomuumiza, kisha mfikishieni mlezi jibu lake. Uraia mwema huanzia hapo, miaka mingi kabla ya kupiga kura.