Karavani Si ya Wazungu Peke Yao

Ukitaka kuchekwa Sparkbrook, waambie watu unaenda kupiga kambi. Mimi niliwaambia Agosti iliyopita, sebuleni kwetu, sufuria la wali likiwa katikati. "Yaani utoke kwenye chumba chenye hita ukalale ndani ya bati?" Mwingine akasema choo cha nje kwao kijijini kipo bure, hana haja ya kukifuata Wales kwa pauni hamsini. Tukacheka sana. Ila mwenzetu mmoja hakucheka. Alivaa koti lake, akasema, "Kaka, pauni hamsini ni ada ya mdogo wangu. Nyinyi nendeni mkale bata." Akatoka kwenda kubeba boksi usiku kucha.

Makala haya namwandikia yeye, ingawa sina hakika kama nitamshinda.

Kwanza nakiri kwamba ana haki. Viza ya mwanafunzi inaturuhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na kila saa ina mwenyewe: kodi, nauli, halafu simu ya kutoka nyumbani inayoanza na "samahani kukusumbua, mwanangu." Lakini mimi nilikuwa nimekaa nchi hii mwaka mmoja na nusu, na Uingereza niliyoijua ilikuwa chumba, darasa, ghala na maduka ya Stratford Road. Mama akiuliza, "Huko kukoje?" nilimjibu, "Baridi tu." Mwaka mmoja na nusu, maneno mawili! Wakati huo huo, ikitokea harusi au msiba tunapitisha daftari la mchango na hakuna anayesema ni anasa. Ukitaja kupumzika ndiyo unaonekana umesahau ulikotoka.

Basi tukachanga, watu sita. Tulisubiri shule zifunguliwe Septemba, maana bei za karavani hushuka watoto wakirudi darasani, na vyuo vyetu vilikuwa bado. Usifikirie zile zinazovutwa na gari. Hii ilikuwa imeegeshwa moja kwa moja, ina vitanda, jiko la gesi na choo cha ndani, kwa hiyo yule wa choo cha kijijini alinoa. Tulibeba unga wa ugali, nyama halali na mchele kutoka Sparkbrook, tukashika njia ya Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Pembrokeshire, kona ya kusini magharibi ya Wales. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1952, na njia ya miguu inayofuata pwani yake ilifunguliwa 1970, karibu kilomita 300. Sisi tulifikia karibu na kijiji cha Marloes, mahali ambapo simu ilishika mtandao pale tu ulipopanda juu ya ukuta.

Sitaficha la langoni. Familia iliyotutangulia ilipewa ufunguo na tabasamu. Sisi tuliulizwa mara tatu aliyekodi ni nani, tukaonywa kuhusu muziki kabla hata hatujazima gari. Nilisikia moto masikioni, nikataka tugeuze. Dada wetu wa Kampala akasema, "Tumelipa. Shusheni mizigo." Tukashusha.

Nilipotulia ndipo nikakumbuka mambo ya Kinder Scout. Mwaka 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester walipanda mlima huo kwa makusudi wakati wenye ardhi wamepiga marufuku, wakazozana na walinzi, na watano wakafungwa jela. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja 1949, baada ya miaka mingi ya madai ya watu kama hao. Wabeba boksi wa enzi zile, kwa kifupi. Walipata siku moja ya mapumziko kwa wiki na waliitaka iwe na hewa. Kwa hiyo mtu akikutazama langoni kana kwamba umepotea njia, ujue hata babu yake huenda hakukaribishwa.

Siku ya pili tulitandika mkeka ufukweni Marloes Sands, saa nane mchana, mchanga mpana hata ungeweza kuchezea fainali. Rafiki yetu wa Lamu akasimama, akatazama maji, akasema, "Jana mwezi ulikuwa mpevu. Hili ni bamvua. Ondokeni hapa." Tukamwambia aache uganga. Akachukua sufuria la pilau akaanza kupanda nalo kilimani, na sisi, kwa ajili ya pilau si kwa ajili ya bamvua, tukamfuata. Saa kumi na moja pale tulipokaa palikuwa bahari, na mawimbi yanapiga jabali. Kule maji hupanda na kushuka kama mita sita wakati wa bamvua, kwetu ni kama nusu yake tu, lakini mwezi ni ule ule. Huyu jamaa mwaka mzima tulimjua kama mtu mkimya anayechelewa kulipa bili ya umeme.

Asubuhi ya mwisho tuliona sili wamezaa kwenye vijighuba chini ya majabali, watoto weupe kama pamba, mama zao wakielea wanawachunga. Nilipanda ukutani nikampigia Mama. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Kuna kitu kinanikera hapa, nacho ni mimi mwenyewe. Nimezaliwa Dar es Salaam. Saadani ipo huko huko, kaskazini ya Bagamoyo, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, tembo na Bahari ya Hindi mahali pamoja, na kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni. Sijawahi kutia mguu. Wa Mombasa wetu naye hajafika hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo ipo tangu 1968. Tulidhani ni mambo ya watalii.

Wakati wa Pasaka tunakwenda tena. Daftari lipo mezani kwetu, unaruhusiwa kulipa kidogo kidogo kuanzia sasa, na nafasi moja tumeilipia sisi watano kwa ajili ya mwenzetu wa zamu ya usiku. Bado hajasema ndiyo. Zimebaki mbili. Anayekuja aje na blanketi lake, na pilau itapikwa na mtu wa Lamu.