Upendi, au hupendi?

Jamani, tuseme ukweli. The Lion King II: Simba's Pride ni kazi ya bei chee. Ile ya kwanza, ya 1994, ilijaza majumba ya sinema dunia nzima. Hii ya 1998, kule Marekani, ilipelekwa moja kwa moja kwenye mikanda ya video. Michoro imepooza. Michoro naisamehe. Wimbo siusamehe.

Ukiikuta kwenye kibanda umiza, uwe Masasi mjini au Newala, msikilize Rafiki akiwaimbia Kiara na Kovu habari za nchi ya mapenzi. Nchi yenyewe inaitwa Upendi. Upendi! Walitaka kusema upendo, wakasema kitu ambacho hakipo. Na kwa mtu anayemeza h, nasi tuko wengi, kinachosikika ni "hupendi". Yaani vijana wawili wanapelekwa kupendana, halafu mlangoni wanaambiwa hupendi.

Msiniambie kamusi zilikosekana. Majina ya humo humo yako sawa: Kovu anakuja kupata kovu kweli, Vitani na Nuka ni Kiswahili halali. TUKI walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. BAKITA lipo tangu 1967. Swali moja tu lingetosha.

"Ni katuni ya watoto, unakuza mambo." Sawa. Mbona Disney hao hao waliomba mwaka 1994 kusajili "Hakuna Matata" iwe alama yao ya biashara ya nguo huko Marekani, wakapewa 2003? Kumbe maneno yetu ni mali yanapouza fulana, ila yanapotakiwa kuandikwa sawasawa yanageuka mzaha wa watoto?

Umakondeni mchezo huu unajulikana. Mti mweupe unapakwa kiwi, mgeni anauziwa kinyago eti cha mpingo. Anayejua miti anakwaruza kwa kucha, rangi inatoka. Safari hii wanaouziwa mpingo wa kiwi ni sisi wenye msitu, na tunapiga makofi.

Kazi ya bei chee hubana matumizi pale inapodhani hakuna atakayelalamika. Hapo ndipo tulipowekwa sisi, mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili. Basi tulalamike. Anayetaka maneno yetu amlipe Mswahili mmoja ayahakiki, na jina lake lipite mwishoni mwa filamu pamoja na ya wachoraji.