Mezani pa Mgeni, Watamu

Mgeni afikiaye Watamu hutaka nguru mbichi hata mwezi wa Julai. Lakini bahari ina majira yake. Kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, maji hutulia, na mvuvi hurudi na nguru na kolekole. Msimu wa kusi mawimbi huchafuka. Aghalabu ngalawa hulazwa, na wavuvi wakajibanza Mida kutafuta changu na tafi. Basi wenye hoteli nawapike kilichovuliwa, si kilicholala barafuni. Wanunue kwa mvuvi kwa bei ya haki, wampake changu tui na ukwaju, pasi na mvinyo, hata Muislamu naye aketi ale. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.