Video za familia: Runinga ikikuuliza ifomati flashi, mjibu Hapana

Wazazi wenzangu, swali la wiki hii limetoka Kasoli, wilayani Bariadi. Mama wa watoto wanne anaeleza kwamba baada ya kuuza pamba, familia ilinunua runinga janja. Jambo la kwanza walilotaka kutazama halikuwa taarifa ya habari wala tamthilia. Walitaka kuona video ya harusi ambamo babu wa watoto, ambaye sasa ni marehemu, anawabariki wajukuu kwa Kisukuma. Wakachomeka flashi. Badala ya kumwonyesha babu, runinga ikauliza kama iifomati flashi hiyo, Ndiyo au Hapana. Rimoti wakati huo alikuwa nayo mtoto wa miaka sita. Waliwahi kuichomoa. Anauliza: wangebonyeza nini?

Mama, jibu ni Hapana. Kufomati maana yake ni kuifanya flashi iwe kama mpya, yaani kila kilichomo kinafutwa. Runinga haijui kwamba ndani yake kuna sauti ya mzee ambaye hatarudia maneno yale.

Kwa nini iulize? Mara nyingi ni kwa moja ya sababu tatu. Ya kwanza, runinga nyingi zina uwezo wa kurekodi vipindi, na zikiona flashi hutaka kuiandaa kwa kazi hiyo. Ya pili, flashi imepangwa kwa mfumo ambao runinga haiusomi. Karibu runinga zote husoma mfumo wa FAT32, lakini NTFS na exFAT husomwa na baadhi tu. Ya tatu, flashi imeharibika, labda kwa kuchomolewa ikiwa bado inafanya kazi au kwa umeme kukatika wakati wa kunakili.

Kwa hiyo usihangaike na rimoti. Ipeleke flashi kwenye kompyuta, ya mwalimu jirani au ya steshenari, na uombe video inakiliwe kwanza. Ikishapata nakala salama, ndipo flashi inaweza kufomatiwa kwa FAT32 na video kurudishwa. Jua pia kwamba FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Video ya harusi ya saa nzima mara nyingi hupita hapo, hivyo mwambie fundi aigawe vipande au aipunguze ukubwa.

Na kama mtu alishabonyeza Ndiyo? Usiweke kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo, hata wimbo mmoja. Mara nyingi video iliyofutwa hubaki mle hadi kitu kipya kiandikwe juu yake, na fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuiokoa. Ila hakuna uhakika.

Lipo tatizo jingine ambalo wengi hulalamikia: jina la video linaonekana, lakini picha haitoki, au picha inatoka bila sauti. Hapo flashi haina kosa. Video ni kama mzigo uliofungwa kwa namna fulani, na runinga lazima ijue kuufungua. Fungasho linaloeleweka na runinga nyingi ni MP4, picha ikiwa ya H.264 na sauti ya AAC. Simu nyingi mpya hurekodi kwa H.265, ambayo runinga za zamani haziisomi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu yako, unaweza kubadilisha. Kwa video za zamani, programu za bure kama VLC na HandBrake hubadilisha fungasho kwenye kompyuta. Usifute faili la mwanzo baada ya kubadilisha, kwa sababu ndilo lenye ubora kamili.

Tukirudi kwenye uhifadhi, hapa ndipo familia nyingi hupoteza. Runinga yenyewe ina nafasi ndogo ya ndani, na sehemu kubwa imeshajaa programu zake. Flashi nayo ni kikapu cha kubebea, si kihenge. Leo ina harusi, kesho kijana anaipeleka kibandani kujaziwa muvi, keshokutwa mdogo wake anafuta "vitu vya zamani" ili katuni zienee. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini babu ameondoka mara ya pili.

Mkulima hali mbegu, wala haiweki yote mahali pamoja. Fanyeni vivyo hivyo. Tengeni flashi moja ya kutazamia, hiyo watoto waizoee. Nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje au kompyuta, ndani ya kabati, isiazimwe. Ya tatu ikae mbali na nyumba, kwa shangazi wa Mwanza au kwenye akaunti ya mtandaoni, ili moto au mwizi asichukue zote kwa siku moja. Kila mwaka zifungueni mhakikishe bado zinacheza, maana flashi iliyosahaulika droo kwa miaka inaweza kugoma.

Mkitumiana video kwa WhatsApp, tumeni kama hati. Ikitumwa kama video ya kawaida hupunguzwa ubora, na kwenye kioo kikubwa sura za watu huonekana kama zimefunikwa na ukungu. Zile za watoto wakioga au wakiadhibiwa zisiwekwe kabisa kwenye flashi ya sebuleni. Wageni wanatazama, na mtoto anaona aibu hata kama hasemi.

Jambo la mwisho halihitaji fundi. Lipeni kila faili jina linaloeleweka: mwaka, tukio, nani anaonekana. Kisha kaeni na bibi mbele ya runinga, mumuulize huyu ni nani, yule ni wa ukoo gani, na mzee alisema nini. Wapo watoto wetu wanaosikia Kisukuma nusunusu, na wengine waliozaliwa mjini hawakisikii kabisa. Andikeni maelezo ya bibi kwenye daftari, maana video yenye sura msizozijua majina itakuwa picha ya wageni baada ya kizazi kimoja.

Likizo ya Desemba inatosha kwa kazi hiyo. Anzeni na faili moja, lile ambalo likipotea mtalia. Nakala yake ya pili ipatikane wiki hii, kabla hamjachomeka chochote kwenye runinga.