Kijana Aliyeondolewa Kwayani

Wapendwa waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mliokabidhiwa jumuiya ndogo ndogo, kwaya na vikundi vya vijana,

Mwaka jana, katika kikao kimoja hapa kwetu Kilwa Kivinje, ililetwa hoja kwamba kijana mmoja aondolewe katika kwaya. Hakuwa ameiba, wala hakupigana, wala hakukosa mazoezi. Ilisemwa tu kwamba mwendo wake si wa kiume, na kwamba yupo mtu aliyesikia kuwa anapenda wavulana wenzake. Hoja ikapita bila mjumbe hata mmoja kuuliza swali. Sisi tuliokalia kiti cha mchungaji tulinyamaza pia, tukijiambia kwamba hayo ni mambo madogo ya kwaya. Wiki haikwisha, baba zake wadogo wakampiga na kumfukuza nyumbani. Ikiwa Kanisa limemkataa, wao wangempokea kwa hoja gani? Kosa hilo ni letu na tunalikiri mbele yenu. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Tuanze na mafundisho, maana wapo wanaodhani kwamba kumtetea kijana wa namna hii ni kuuza imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika kifungu cha 2357 kwamba matendo ya ngono kati ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa. Fundisho hilo mnalijua nyote, na sisi hatulipunguzi. Lakini kifungu kinachofuata, cha 2358, hatujapata kusikia kikitajwa katika kikao chochote. Hicho kinaagiza kwamba wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima, huruma na busara, na kwamba kila namna ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Nani alituruhusu kusoma nusu? Maaskofu wa Afrika, walipokataa mnamo Januari 2024 kubariki wapenzi wa jinsia moja, waliandika katika waraka ule ule kwamba watu hao watendewe kwa heshima na kwa kutambua hadhi yao. Na hayati Papa Fransisko, mnamo Januari 2023, siku chache kabla ya kwenda Kongo na Sudan Kusini, alisema waziwazi kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai, na kwamba maaskofu wanaounga mkono sheria za kuwaadhibu watu hao wanahitaji kuongoka. Kama maaskofu wanahitaji, sembuse mapadre na makatekista.

Tunaambiwa: hayo ni mambo ya Wazungu. La hasha! Lugha yetu ya pwani ina maneno ya kuwatukania watu hawa, maneno ambayo bibi zetu waliyajua kabla televisheni haijafika Kilwa. Mtu hatungi tusi kwa ajili ya kitu asichokijua. Kilichotoka ugenini ni sheria yenyewe, kwani kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni urithi wa utawala wa Waingereza, na sisi wenyewe mwaka 1998 tukakiongezea ukali, hata leo adhabu yake haipungui miaka 30 na yaweza kufika kifungo cha maisha.

Tunaambiwa pia kwamba tunawalinda watoto. Hapa tuseme bila kumung'unya maneno. Kumlawiti au kumnajisi mtoto ni dhambi kubwa na ni jinai, na mwenye kulifanya apelekwe polisi, awe mwalimu, mjomba, mzee wa kanisa au padre. Lakini mara nyingi mtendaji ni mtu mzima anayeaminiwa nyumbani, mwenye mke na watoto, ambaye hakuna kikao kilichowahi kuujadili mwendo wake. Kumpiga kijana wa kwaya hakumlindi mtoto hata mmoja. Kinyume chake, kunamficha mkosaji wa kweli, kwani kijana aliyeonewa hatathubutu kusema, akijua kwamba atakayeadhibiwa ni yeye.

Na wasichana? Habari zao hazifiki vikaoni, kwa kuwa dawa yao hutafutwa kimyakimya: wanaozwa haraka ili wapone. Tuwakumbushe wazazi, na mashahidi wanaotia sahihi bila kuuliza, kwamba kwa kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa. Wapo pia vijana wasiojiona kuwa wa jinsia waliyozaliwa nayo. Hao nao ni watoto wetu tuliowabatiza.

Wanaopenda orodha za majina wakumbuke ya mwaka 2018. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya watu waliodhaniwa kuwa mashoga, akatangaza kamati ya kuwasaka. Tarehe 4 Novemba Serikali ilijitenga na kauli hiyo, ikasema ni maoni yake binafsi. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia majumbani, na mwenye hofu haendi kliniki. Mwaka uliotangulia, Februari 2017, Wizara ya Afya ilikuwa imesimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi haya katika vituo 40. Virusi haviulizi mtu ameoa au hajaoa. Anayemfukuza mgonjwa asipate dawa anaihatarisha nyumba yake mwenyewe.

Tena sheria, pamoja na ukali wake, huadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Haimwadhibu mtu kwa sauti nyembamba au kwa mwendo. Katiba yetu inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla mahakama haijasema, inakataza mateso, na inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkinga dhidi ya ukatili kila aliye chini ya miaka 18, hata ukatili wa baba yake.

Mji wetu, kuliko miji mingi, ungepaswa kulielewa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa Kivinje, na binadamu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, wakihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Misheni iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868 ilianza kwa kuwapokea watu wa aina hiyo, waliokombolewa, wasio na ukoo wa kuwatetea. (Misheni ile nayo ilikuwa na makosa yake, wala hatuifanyi kuwa paradiso.) Hivyo Kanisa katika pwani hii lilianza kuwa kimbilio kabla halijawa na kwaya, kamati wala vikao vya kuondoa watu.

Basi tunayodai ni haya. Jina la kijana yeyote lisitajwe kwa tuhuma hizi katika kikao, jumuiya wala mimbarini. Kijana anayekuja kueleza habari zake asikilizwe, na siri yake isipelekwe kwa wazazi bila ridhaa yake, isipokuwa maisha yake yamo hatarini. Walezi wawe wawili, mwanamume na mwanamke, wakutane na vijana mahali penye mlango wazi panapoonekana na watu, ili pawe salama pia dhidi ya watu wazima wenye nia mbaya. Aliyefukuzwa kwao atafutiwe nyumba ya kulala usiku ule ule, kabla ya maswali. Akina mama wa WAWATA wanajua ni nyumba zipi. Na kama kuna maombi, yawe ya mtu anayeyataka, bila fimbo na bila kumshika mtu kwa nguvu.

Kuhusu yule kijana wa kwaya, uamuzi ule ungali katika kumbukumbu za kikao, na sisi tuliokuwapo tunajuana. Tunaomba ufutwe katika kikao kijacho, mbele ya wajumbe wale wale, na watu wawili wateuliwe kwenda kwa jamaa anakokaa sasa kumwomba radhi. Mmoja wa hao wawili atakuwa padre.